Video na picha chini ya maji ya Kivu: sogea kwanza, kamera baadaye

Video nyingi zinazopigwa chini ya maji hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, zina ugonjwa uleule: kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho, vidoa vyeupe vinavyoelea mbele, na samaki mdogo kule nyuma ambaye huwezi kumtambua. Mwenye kamera analaumu kamera na kuanza kutafuta nyingine ya bei kubwa. Mara nyingi kamera haina kosa. Kosa ni maji. Kati ya lenzi na samaki kuna mita mbili au tatu za maji yenye mwani mdogo na chembe zisizohesabika, na hakuna kamera ya bei yoyote inayozitoa chembe hizo.

Haya ni kwa wenye kamera ndogo ya michezo, simu iliyo ndani ya kasha lisiloingiza maji, au kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Dunia inalijua Ziwa Kivu kwa gesi yake na kwa moto wa volkano ya Nyiragongo. Samaki wake, kaa wake na miamba yake hawajulikani hata na watoto wa mtaa wa Himbi wanaooga humo kila siku. Kwangu hilo ni deni letu sisi tunaokaa hapa, na picha nzuri zinaweza kulilipa.

Maji yanavyokula rangi

Maji yanakula rangi kwa zamu. Nyekundu inatangulia kuondoka: ukifika mita 5 imebaki kidogo sana. Inafuata rangi ya chungwa, kisha njano. Katika bahari safi inayobaki ni buluu. Kwetu, mwani na uchafu wa mimea vinakula buluu nayo, kwa hiyo inayobaki ni kijani. Ndiyo maana kichujio chekundu kinachotengenezwa kwa ajili ya bahari kinatoa matokeo mabaya hapa. Kwa maji ya kijani tafuta kichujio cha majenta, ile rangi iliyo kati ya pinki na zambarau. Kinafaa kuanzia kama mita 3 hadi 12, jua likiwa kali. Juu ya hapo picha inakuwa nyekundu, chini ya hapo hakuna tena nyekundu ya kuokoa. Ukiwasha taa, kitoe, maana taa tayari ina rangi zote.

Kitu ambacho wengi hawakihesabu ni kwamba mwanga unaliwa pia ukisafiri kwa ubavu. Samaki akiwa mita 3 chini, na wewe ukiwa mita 2 mbali naye, mwanga unaofika kwenye lenzi umepita mita 5 za maji. Sogea mpaka nusu mita, umepita mita 3.5. Nyekundu imerudi na hukununua kitu. Na taa nayo hesabu yake ni safari mbili, kwenda na kurudi: kitu kilicho mita 2 mbele kinapigwa picha kupitia mita 4 za maji.

Ili kujua siku hiyo maji yakoje, chukua kifuniko cheupe cha ndoo chenye upana wa sentimita 25 hivi, kifunge jiwe chini, kishushe kwa kamba yenye mafundo ya kila nusu mita, upande wa kivuli cha mtumbwi. Kinapopotea machoni, hesabu mafundo. Katikati ya Kivu mara nyingi kinapotea kati ya mita 4 na 7. Gawanya namba uliyopata kwa tano: huo ndio umbali wa mwisho wa kupigia picha siku hiyo. Kifuniko kikipotea kwenye mita 5, kitu chochote kilicho zaidi ya mita 1 kutoka kwako kiache.

Majira yana kazi yake. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusini unachanganya maji ya juu, chakula cha mwani kinapanda, na ziwa linakuwa zito. Mvua inaporudi maji ya katikati yanatulia na kusafika, lakini ufukwe ni habari nyingine. Kule Bukavu, mji wa kusini mwa ziwa, mvua kubwa moja inashusha udongo mwekundu wa vilima pamoja na plastiki zote za mabonde hadi ziwani, na ghuba inaweza kuwa ya kahawia kwa siku mbili tatu. Upande wa Goma hakuna mto unaopita mjini. Mvua inazama kwenye makoro, yaani mawe ya lava. Kwa hiyo baada ya mvua, Goma inasafika mapema kuliko Bukavu. Mwenye kuishi Bukavu atapata maji bora akienda mbali na mifereji ya mji, nje ya ncha za peninsula au kuelekea kisiwa cha Idjwi.

Mahali, saa, na hatari zisizofanana na za bahari

Tuko digrii 2 tu kutoka ikweta, kwa hiyo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana jua liko karibu na utosi na linaingia majini wima. Huo ndio muda wa video bila taa. Asubuhi ziwa huwa tulivu zaidi. Mchana upepo ukiamka, mawimbi yanavunja mwanga na mchanga mweusi wa ufukweni unanyanyuka. Saa nne mpaka saa sita ndiyo ningeichagua kuliko zote.

Uhai mwingi uko juu. Kina cha Kivu kinazidi mita 470, lakini oksijeni inaishia kwenye mita 60 hivi wakati wa kiangazi, na mapema zaidi wakati wa mvua. Chini ya hapo hakuna samaki wa kumpiga picha. Mita 3 mpaka 12 zinatosha kwa kazi yote iliyo katika andiko hili, na sehemu kubwa unaweza kuifanya kwa miwani, mrija na pumzi yako mwenyewe, mradi mwenzako abaki juu akikutazama. Usizame peke yako, hata kwa sekunde thelathini.

Gesi ya methani iliyo kilindini sana haikufikii kwenye mita 10. Ya kuogopa ni mazuku. Hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) inatoka ardhini kandokando ya ziwa, kati ya Goma na Sake hasa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inakaa mabondeni na kwenye mashimo ya lava, zaidi usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Mazuku imeua watu na mifugo. Kwa hiyo usivalie vifaa kwenye shimo la ufukweni alfajiri, na mashine ya kujazia mitungi isiwekwe kamwe mahali pa namna hiyo: mdomo wake wa kuvuta hewa uinuliwe juu, mbali na bonde na mbali na moshi wa jenereta. Ghuba ya Kabuno iache kabisa. Huko maji yenye kaboni yako karibu sana na uso, tabaka lenye oksijeni lina mita 10 au 11 tu.

Wanaozama na mitungi wakumbuke kwamba Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu 0.85 ya lile la pwani, na majedwali ya baharini hayafai juu ya mita 300. Kompyuta ya mbizi iwekwe kwenye hali ya milimani na ya maji yasiyo na chumvi, kama yenyewe haijibadilishi. Mita 12 za hapa uzihesabu kama mita 14 au zaidi. Kipimo cha zamani cha mshale, kile kilichofungwa, kinasoma karibu mita 1.5 pungufu ya kina cha kweli. Na baada ya kuzama usipande: Nyiragongo ni mita 3,470, barabara ya milima ya Masisi na ile ya Bukavu kwenda Tshivanga zinapita mita 2,000. Zipe saa 24.

Hesabu ya hewa kwa mpiga picha: mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400. Acha bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu anayehangaika na kamera anavuta lita 25 kwa dakika juu ya maji. Kwenye mita 10 hapa kwetu ni karibu 46. Una dakika 39, siyo saa nzima. Tazama kipimo kila baada ya kipande cha video, maana jicho likishanasa kwenye kioo cha kamera dakika zinakimbia. Mtungi ukisafirishwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ulale na ufungwe mara mbili, koki ikiangalia nyuma. Barabara zetu za makoro zinavunja koki.

Kabla ya yote ongea na mzee mwenye timu ya uvuvi wa eneo hilo. Yeye ndiye anajua nyavu zimelala wapi. Vaa kisu kidogo mahali mikono yote miwili inapofika, na uvute juu yako bidoni (dumu) la njano kwa kamba ili mitumbwi ya injini ikuone.

Kasha: maji yanaingilia wapi

Kasha likivuja, mara nyingi ni pete ya mpira. Pete inaziba kwa kubanwa, siyo kwa mafuta. Mafuta kazi yake ni kuifanya iteleze ikae sawa. Yakizidi yanakamata nywele na mchanga, na unywele mmoja tu ni mfereji tosha. Itoe pete kwa kadi laini ya plastiki, usitumie kisu wala sindano. Ipitishe kati ya vidole viwili polepole: kidole kinasikia chembe ambayo jicho halioni. Mfereji wake ufutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, usiwe wa pamba ya hospitali. Mafuta yawe ya kiasi cha punje ya mchele kwa pete nzima, mpaka ing'ae kidogo bila kuacha ute. Tumia yale ya mtengenezaji wa kasha: pete za silikoni zinaweza kuvimba zikipakwa mafuta ya silikoni yasiyo yake. Mafuta ya kujipaka na ya gari ni sumu kwake.

Mchanga wetu wa volkano una ncha kali kuliko mchanga wa baharini. Unakwaruza kuba la plastiki, kile kioo cha mviringo kilicho mbele ya lenzi, kwa mpanguso mmoja tu wa fulana. Usifungue kasha ufukweni. Lifunge nyumbani, asubuhi, chumbani kukavu, na usilifungue mpaka urudi.

Kufunga asubuhi chumbani kuna faida ya pili. Ukungu ndani ya kioo unatokana na unyevu uliofungiwa: kamera inapata joto ikirekodi, kioo kinabaki na baridi ya maji ya digrii 24 hivi, unyevu unaganda juu yake. Ukilifunga saa saba mchana ndani ya mtumbwi, jasho likikutoka, ukungu utauona ndani ya dakika kumi na tano. Weka vipakiti viwili vya silika vilivyokaushwa, mbali na lenzi na mbali na pete.

Jaribio la kwanza lifanywe bila kamera. Tia karatasi ya chooni ndani ya kasha, lifunge, lizamishe kwenye ndoo kwa dakika 20 huku ukibonyeza kila kitufe. Kama karatasi imekauka, lifunge kwenye kamba na jiwe ulishushe mita 10 ziwani kwa dakika 10. Mengi yanavuja kwenye mita ya kwanza, pale ambapo shinikizo bado halijabana pete. Kwa sababu hiyo usiruke na kamera mkononi. Ingia kwanza, mwenzako akupe kamera kutoka mtumbwini. Ishike chini ya uso dakika moja, utazame mapovu. Mapovu machache yanayokwama kwenye pembe ni hewa ya nje. Mnyororo wa mapovu madogo usiokatika ni uvujaji: itoe kamera, igeuze lenzi chini, ifungue ikiwa imekauka nje.

Aliyefunga kasha lake Mombasa au Dar es Salaam na kulipandisha huku anaweza kukuta pete imesogea, kwa sababu hewa iliyo ndani ni ya pwani na inasukuma kutoka ndani. Safirisha kasha likiwa wazi kidogo au bila pete.

Watu wanasema maji yasiyo na chumvi hayadhuru vifaa. Kivu yana madini mengi, na yakikauka yanaacha madoa meupe kwenye kioo na kugandisha vitufe. Ukitoka, kasha lililofungwa liloweshwe nusu saa kwenye maji ya mvua, ubonyeze vitufe humo ndani, kisha likaushwe kivulini. Doa lililokwisha kukauka kwenye kitufe linatoka kwa siki nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nne. Siki hiyo isiguse kuba.

Kwa simu nina maoni makali: mfuko laini wa plastiki wa kuning'iniza shingoni ni wa mvua, siyo wa kuzamia. Kasha gumu la simu lenye vitufe vya chuma linafanya kazi, kwa sababu kioo cha kugusa hakisikii kidole ndani ya maji. Weka simu kwenye hali ya ndege, funga mwelekeo wa skrini, weka kitufe cha sauti kiwe cha kupigia picha.

Kioo bapa na kuba

Lenzi ikitazama kupitia kioo bapa, maji yanapinda mwanga na upana wa picha unapungua: digrii 90 za nchi kavu zinakuwa kama 64. Kila kitu kinaonekana robo karibu zaidi. Hilo linakufanya urudi nyuma ili samaki aenee, na kurudi nyuma ni kuongeza maji. Kuba linarudisha upana wote. Gharama yake ni kwamba lenzi haitazami tena samaki wa kweli, inatazama taswira yake iliyo karibu sana. Kwa kuba lenye nusu kipenyo cha sentimita 7.5, hata kitu cha mbali sana kinaonekana kikiwa kama sentimita 22 mbele ya kuba. Lenzi isiyoweza kufokasi karibu hivyo itatoa picha iliyolegea, na mwenye nayo atadhani kuba ni bovu.

Kamera ndogo kama GoPro zina fokasi isiyobadilika. Ukikaribia chini ya sentimita 30 picha inaanza kulegea. Kwa kaa na konokono utahitaji lenzi ndogo ya karibu inayobandikwa mbele ya kasha. Na zoom isahau kabisa. Zoom inakuza maji pamoja na samaki.

Mipangilio

Anza na 4K kwa fremu 30 kwa sekunde. Fremu 60 zihifadhi kwa samaki wenye mbio, ndani ya mita 5 za juu, jua likiwepo, kwa sababu kila fremu inapata nusu ya mwanga. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, isizidi 400 kwa jua, 800 kwa kivuli. Ikipita hapo kamera ndogo zinatoa chenga. Ukali wa picha uweke chini, maana ukali wa otomatiki unazipa chembe kingo nyeupe. Utulizaji wa picha uwe wa kiwango cha chini au uzimwe penye giza.

Mizani ya nyeupe (white balance) isiachwe otomatiki. Kamera ikitoka kwenye mwamba kwenda maji ya wazi inabadilisha mawazo katikati ya video, na hakuna marekebisho yatakayoficha mruko huo. Ukitumia taa, ifunge kwenye 5500K. Bila taa, kamera inayokubali kupimishwa ipimishe kwa sahani nyeupe kwenye kina chenyewe, urudie kila unapobadili mita 2 au 3. Kamera isiyokubali, chagua hali ya rangi bapa (Flat), utarekebisha baadaye.

Kitu cha kwetu sana ni lava. Mwezi wa Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na miamba ile sasa ni nyumba ya samaki. Ni myeusi. Kamera ikiiona inadhani kuna giza, inafungua mwanga kupita kiasi, na matokeo ni lava ya kijivu, samaki waliochomeka na kila chembe iking'aa. Shusha mwangaza (EV) kwa 0.7 hadi 1. Kwingineko pwani utakuta miamba yenye ganda la chokaa jeupe, na hapo kamera inafanya kinyume: picha inakuwa na giza, uongeze 0.3 hadi 0.7.

Kamera kubwa: anza na f/8, 1/125, ISO 200 na flashi. Kwa video ya fremu 30 shata, yaani muda wa kupokea mwanga, iwe 1/60 ya sekunde. Ukitaka miale ya jua ionekane imekatika vizuri, panda mpaka 1/250, ukae chini ya kitu chako na utazame juu. Kutoka chini uso wa ziwa unaonekana kama dirisha la mviringo lenye upana wa digrii 97, na mtumbwi ukipita katikati yake ni picha ambayo sijachoka kuitazama.

Taa

Taa mbili ni bora kuliko moja yenye nguvu mara mbili. Kila moja iwe na lumeni 2,000 au zaidi, mwale wa digrii 100 hadi 120, na uaminifu wa rangi (CRI) wa 90 kuendelea. Mikono ya sentimita 30 hadi 40 kila upande, vichwa vya taa virudi nyuma kidogo ya lenzi, viangalie nje kidogo ili kitu chako kiguswe na ukingo wa mwale na si kiini chake. Taa iliyobandikwa juu ya lenzi inawasha chembe zote zilizo mbele yake, sawa na taa kali za gari kwenye ukungu wa Sake. Ukiwa na moja tu, ipeleke juu kushoto mbali kadiri mkono unavyofika.

Tochi za sokoni zina mwale mwembamba unaochoma katikati. Kipande cha bidoni jeupe la maziwa kikikatwa kwa kipimo cha kioo chake kinautawanya mwale. Kinakula mwanga mwingi, lakini kwa kaa aliye sentimita 30 bado unatosha. Taa za majini zinapozwa na maji, usiziwashe nje kwa zaidi ya dakika moja. Na kwa kuwa umeme unakatika bila taarifa, chaji betri usiku uliotangulia, siyo asubuhi ya safari.

Mwili wa mpiga picha

Huwezi kusogea karibu ukiwa unatimua tope. Piga mapezi kwa mtindo wa chura, visigino vikiwa juu kuliko magoti, usipige juu na chini. Maji haya yanabeba mwili kidogo kuliko bahari. Aliyezoea bahari apunguze kilo 2 hadi 3 za uzito wa risasi anaovaa ili azame, akiwa na suti ya milimita 5. Kamera yenyewe izame polepole, gramu 50 mpaka 100 zaidi ya maji. Ikiwa nzito mno, mkono unachoka na video inatikisika. Sponji laini ya kandambili za zamani inaelea vizuri juu ya maji lakini inabanwa kwenye mita 10 na kupoteza nguvu. Tafuta boya gumu dogo la nyavu.

Samaki wa mwambani, hawa haplokromisi wa Kivu ambao spishi 15 hazipatikani ziwa lingine, wana mipaka yao. Dume lenye rangi halihami mbali. Ukilifukuza linaingia kwenye ufa. Ukikaa kimya kwa usawa wake, dakika mbili au tatu, linarudi lenyewe na kukukaribia. Kaa chini ya usawa wake kidogo ili nyuma yake kuwe na maji yenye mwanga na si jiwe. Kila kipande cha video kishikwe sekunde 10 bila kusogeza kamera, viwiko vimebanwa mbavuni. Piga kwa utaratibu: mwamba wote, samaki mzima, jicho. Bila vipande hivi vitatu mhariri hana cha kuunganisha.

Usiku na sambaza

Timu za uvuvi zinafanya kazi usiku wa giza, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu na taa zikining'inia. Wadudu wadogo wa majini wanafuata mwanga, sambaza, wale dagaa wa Kivu, wanafuata wadudu. Hakuna tamasha kubwa kuliko hilo katika ziwa hili, na ni hatari. Usizame kamwe chini ya wavu wala ndani ya duara la nguzo. Kubaliana na mzee mkuu wa timu mapema, ukae ubavuni mwa mtumbwi mmoja ukishikilia, na ushushe kamera kwenye nguzo ya mita 3. Zima taa zako: za wavuvi zinatosha na zako zinaharibu kazi yao. ISO 1600, shata 1/60, fokasi imefungwa kwenye mita 1. Sauti ya kamera ndani ya kasha ni vitufe na mapovu tu. Nyimbo za wavuvi zirekodi kwa simu, juu, kisha uziunganishe.

Mezani

Kwa kuhariri, programu ya DaVinci Resolve ya bure inatosha. Rekebisha nyeupe kwanza kwa kubonyeza kitu unachojua ni cheupe au kijivu. Nyekundu ikiwa imekufa, nenda kwenye kichanganya rangi uongeze 0.2 mpaka 0.4 ya kijani ndani ya nyekundu, halafu punguza kijani. Ukizidisha, chenga nyekundu zitaanza kucheza kwenye vivuli. Hapo rudi nyuma. Usiondoe kijani chote. Kivu ni ya kijani, na video inayoifanya buluu ya Zanzibar inadanganya.

4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula MB 750 kwa dakika, kadi ya GB 128 inabeba kama dakika 170. Kwa kutuma, toa 1080p kwa megabiti 10: ni MB 75 kwa dakika, na ukituma WhatsApp itume kama hati ili isibanwe tena.

Faili asili lipewe jina lenye mahali, tarehe, saa na kina: kyeshero_tarehe_0940_m6. Ongeza kipimo cha kile kifuniko cheupe. Kitengo cha haidrobiolojia, elimu ya viumbe wa majini, cha chuo cha ualimu ISP Bukavu kinafundisha vijana juu ya samaki hawa hawa, na dume la haplokromisi lililopigwa picha pamoja na kina chake na siku yake linaweza kutumika darasani kesho yake.